Mdudu wa Kambini

Leonia alizaliwa na kinyaa, na miaka thelathini na miwili haikukipunguza hata chembe. Pale mtaani kwake Rusimbi hakuwahi kula kwa jirani kabla ya kuchunguza sufuria imeoshwaje. Nzi akitua kwenye ukingo wa kikombe, chai yote ilimwagwa, na aliyeipika alinuna wiki nzima. Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kusomea nini? Wadudu. Tena si vipepeo, ambao angalau wana rangi za kutazama. Kituo cha utafiti wa mazao kilichomwajiri pale Kigoma kilimkabidhi vithiripi.

Kwa asiyewajua, kithiripi ni mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, mwembamba kama kipande cha uzi, anayejificha ndani ya maua. Anakwangua ngozi ya ua, anafyonza maji yake, halafu anaacha mavi yake papo hapo, vitone vyeusi vinavyong'aa. Mkulima hamwoni. Anachoona ni maua yaliyokauka na maganda ya maharage yaliyopinda. Leonia yeye aliwaona vizuri sana kwa hadubini, kila siku ya kazi, na kila siku ya kazi mwili ulimsisimka.

Kuwakusanya kuna utaratibu wake. Unashika sahani nyeupe chini ya ua, unaligonga, wadudu wanaanguka, unawaokota mmoja mmoja kwa ncha ya brashi iliyolowa spiriti. Ubaya wa Kigoma ni upepo wa ziwani. Kabla hujainamisha brashi, wadudu wameshapeperuka. Leonia akabuni dawa yake mwenyewe: alipaka sahani mawese kidogo sana, utando tu, na wadudu wakanasa. Mkuu wake wa kitengo, Daktari Jeremia, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Unakusanya au unakaanga?" alimwuliza.

Kicheko kile kilimkera Leonia. Basi asubuhi ya safari ya kambini, mwezi wa nne, aliamua kuijaribu sahani yake mara ya mwisho kabla ya kuondoka nyumbani. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mchikichi mfupi wa jirani yake, mzee Feliksi, wenye ua dume lililomfikia kifuani. Akaligonga mara moja tu. Vumbi la njano likamwagikia sahani nzima, likamwingia puani, akapiga chafya tatu mfululizo. Alikuwa hana muda. Bonifasi, dereva wa kituo, alishaanza kupiga honi barabarani. Leonia akaifuta sahani kwa gazeti, akaipaka mawese mengine juu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kukimbilia gari.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo Warundi walikuwa wakiingia kwa maelfu. Kambi waliyoiendea ilikuwa mbele ya Kidahwe, ukiacha barabara ya Kasulu na kukata ndani kwa saa nzima ya matope. Harufu ilimpokea Leonia kabla ya watu: moshi wa kuni mbichi, mahindi ya mgao yaliyoota ukungu, na vyoo vya shimo vilivyofurika kwa mvua. Alijifunga leso puani. Mashamba ya maharage yaliyokuwa yakilalamikiwa kwamba maua yake yanapukutika yalikuwa, bahati mbaya yake, nyuma ya vyoo hivyo.

Aliyempokea ni Révérienne, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Makamba, aliyewasimamia akina mama wenye mashamba hayo. Alivaa gauni lililofifia mpaka hujui lilikuwa rangi gani, lakini lilikuwa limefuliwa. Alitaka kumpa mgeni mkono. Leonia akajifanya ana vitu vingi mikononi.

"Karibu, dada. Amahoro," alisema Révérienne. Akaingia kwenye kibanda chake cha turubai, akatoka na beseni la bluu lenye maji, na kipande cha sabuni kikiwa pembeni. Kwao mgeni hashiki kitu kabla ya kuletewa maji. Akapiga magoti. "Nawa kwanza, dada. Na hiyo sahani yako lete niioshe, naona ina vumbi vumbi hapo pembeni."

Leonia aliyatazama maji. Alikuwa ameyaona yanakotoka: bomba moja, ndoo mia, watoto wenye kamasi wakilamba mdomo wa bomba. Juu ya maji ya beseni kulikuwa na jivu kidogo na kijiti cha nyasi.

"Hapana, asante," alisema. "Itachafuka."

Révérienne alibaki kidogo amepiga magoti, beseni mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba huo ulikuwa utani. Kisha akainuka na kuyamwaga maji kwenye shina la mharage, polepole, yasipotee bure.

Leonia alifanya kazi haraka haraka, akipumua kwa mdomo. Aligonga mashina ishirini. Jasho lilimtoka, na vithiripi, ambao hupenda jasho, walimtambaa shingoni na kumchoma kama sindano za barafu. Wote aliowakusanya aliwatia kwenye chupa moja ya spiriti. Juu ya chupa aliandika: kambini, maua ya maharage. Alipofika nyumbani alioga mara mbili.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya maabara, na hapo ndipo ungemwonea huruma. Kithiripi huwezi kumsoma akiwa na vitu tumboni. Unamtoboa kwa sindano nyembamba kuliko unywele, unamlaza kwenye kostiki, ile ile ya wapika sabuni wa Ujiji, halafu unambonyeza taratibu mpaka alichokula kimtoke kwa nyuma, uji wa kahawia wenye nyuzi. Unambonyeza tena. Akishakuwa gamba tupu unamtia kwenye mafuta ya karafuu, kisha unamlaza chali juu ya kioo kwa gundi, mbawa zimetandazwa, miguu imenyooshwa. Leonia alikuwa mwaka wa tatu hali pilau kwa sababu ya karafuu.

Wengi katika chupa ile walikuwa vithiripi wa kawaida wa maharage. Sita hawakuwa. Leonia alimweka mmoja wao, jike, chini ya lenzi kubwa, akafungua kitabu cha kutambulia majina. Kitabu cha namna hiyo hukuuliza maswali mawili mawili: mdudu ana hiki au kile? Ukijibu, kinakupeleka mbele, mpaka unafika kwenye jina. Papasi, zile pembe za kunusia, zina pingili ngapi? Saba, ambapo ndugu zake wana nane. Macho matatu madogo ya utosini yana vinyweleo wapi? Katikati yake, viwili, virefu kupita kiasi. Mdomo ulikuwa kama wa kithiripi yeyote, koni iliyopinda upande mmoja yenye jino moja tu, la kushoto, maana la kulia halioti kabisa. Nyayo zilikuwa na vibofu vinavyotutumka na kunywea. Kwenye pingili ya nane ya tumbo palikuwa na safu ya vinyweleo kama kitana, lakini kitana kilichong'oka meno ya katikati. Na mwishoni kabisa palikuwa na msumeno uliopinda, ambao jike huutumia kulipasua ua na kuyazika mayai yake ndani ya nyama yake.

Kitabu kilifika mahali kikakwama. Hakuna jibu lililofaa. Leonia alirudia mara nne, akachora kila kiungo, michoro ikapelekwa kwa bingwa mmoja wa vithiripi ng'ambo. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: mdudu huyu hajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

"Leonia, tumezaa!" alipiga kelele Daktari Jeremia, akamkumbatia, kwapa lake likamgusa shavuni. "Na mtoto atachukua jina lako. Kwa Kilatini, mwisho wa jina, *leoniae*. Hata tukifa wote, lipo."

Usiseme ni jambo dogo. Jioni ile Leonia alilitamka jina lile jikoni kwake akiosha vyombo, mara ya kwanza kwa sauti ya chini, mara ya pili kwa sauti ya kusikika. Baba yake alikuwa mpakia mizigo bandarini, hakuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo. Sasa binti yake angekuwa kwenye vitabu ambavyo binti mwenyewe hata hatavisoma, kwa kosa gani? Kwa kustahimili karaha miaka minane.

Wiki iliyofuata alisoma andiko la mwisho la kumtangaza mdudu kwenye jarida, na humo akakuta aya ambayo hakuiandika. Ilisema mdudu huyu ni mgeni, ameingia na mbegu za wakimbizi, na asipozuiwa atamaliza mazao ya mkoa mzima. Maneno hayo hayo Daktari Jeremia alikuwa ameshayapeleka kwenye kamati ya kuzuia visumbufu vya mazao.

"Tuna uhakika gani?" aliuliza Leonia.

Daktari Jeremia alikuwa anakula hindi la kuchemsha. Chembe zilimrukia mdomoni zikaangukia kwenye karatasi. "Uhakika gani tena? Umemkuta wapi? Kambini. Hao ndivyo walivyo. Wanaingia bila hodi, wanazaliana, wanafyonza, na mahali walipokaa wanaacha uchafu."

Leonia hakuweza kusema kama anazungumzia vithiripi au watu. Halafu akajua. Alitazama mate meupe yaliyoganda kwenye pembe za mdomo wa yule bwana, na kichefuchefu kikampanda kweli kweli. Lakini alichofanya ni kuzipangusa zile chembe za hindi. Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa na jina lake, na aliiogopea.

Kamati iliamua. Ijumaa, maharage yote ya kambi yang'olewe na kuchomwa kabla hayajakomaa.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki kwa Leonia. Alikuwa na majike sita, dume hana, na maelezo ya mdudu bila dume lake ni maelezo ya nusu. Jumatatu akarudi kambini, na Jumanne tena, safari hii na sahani iliyochemshwa nyumbani. Aligonga maua zaidi ya mia nne. Alipata vithiripi wa kawaida, sisimizi na buibui mmoja. Yule wa kitana kilichong'oka meno hakupata hata mmoja.

Révérienne alimfuata mstari kwa mstari, mikono nyuma.

"Dada, huyo mdudu anafananaje? Nionyeshe, nimuue mwenyewe."

"Humwoni kwa macho."

"Kumbe! Simwoni, lakini ananing'olea shamba." Akainama akang'oa gugu. "Wanasema tulikuja naye kwenye mbegu. Oya, si kweli, dada. Mimi nilivuka na mtoto mgongoni, sikuwa na kitu kingine. Mbegu hizi nilizipata hapo Kidahwe, nililima shamba la mtu siku tisa. Watoto wanakula mahindi ya mgao asubuhi na jioni, yanawaharisha. Haya maharage ndiyo nilikuwa nayangoja. Yamebaki majuma matatu tu."

Leonia aliligonga ua lililofuata. Aliinamia sahani yake.

Jumatano asubuhi alikaa kumalizia mchoro wa mbawa. Alimweka yule jike wake kwenye lenzi yenye nguvu kuliko zote, akafuata ukingo wa ubawa, unyweleo kwa unyweleo, na chini ya ubawa wa kushoto akaona chembe tatu za unga wa maua zimenasa. Alikuwa ameshaziona zamani akaziona uchafu tu. Sasa alizitazama vizuri. Chembe za ua la mharage anazijua. Hizi zilikuwa na pembe tatu, kama sambusa. Katika kituo kile hakukuwa na mfagizi asiyezijua, maana nusu ya kazi yao ilikuwa michikichi. Ulikuwa unga wa ua dume la mchikichi.

Kambini hakuna mchikichi. Hata njiani, ukishapita Kidahwe, unausahau.

Akaikumbuka ile sahani, na vumbi la njano. Alitoka bila kuaga, akaenda nyumbani Rusimbi saa sita mchana, akaosha sahani mara tatu, akazunguka nyuma ya jiko na kuligonga ua la mzee Feliksi. Walianguka thelathini na kitu. Kituoni aliwatazama: papasi za pingili saba, vinyweleo virefu viwili utosini, kitana kilichong'oka meno ya katikati, na madume wanane. Walikuwa wanaishi hatua kumi na mbili kutoka kwenye dirisha la jiko lake, huenda tangu kabla hajazaliwa. Wakimbizi hawakuleta mdudu yeyote. Aliyempeleka kambini alikuwa Leonia, amenasa kwenye ukingo wa sahani chafu, na kutoka kambini akamrudisha kwenye chupa yenye jina la uongo.

Alikimbilia nje akatapika kwenye ua wa kituo, mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi hata kupenga kamasi hadharani.

Alhamisi alimweleza Daktari Jeremia yote. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Safi. Basi andika kwamba ameshaenea mpaka Rusimbi. Ushahidi umeongezeka."

"Nimekwambia ni sahani. Sikuiosha."

"Sahani haiandikwi kwenye jarida, Leonia." Alisogea karibu. "Ukitangaza kwamba mtaalamu wetu anakusanya kwa chombo kichafu, bingwa atafuta barua yake, jarida litalikataa andiko, na hutaona kitu kinachoitwa *leoniae* maisha yako yote. Kwa ajili ya maharage? Watapewa mengine."

"Na nani?"

Leonia alichukua kisanduku chenye vioo vya wadudu, akakitia kwapani, akatoka. Kwenye kibandiko cha kioo cha kwanza alikata neno kambini kwa kalamu ya wino, akaandika: Rusimbi, ua la mchikichi, sahani haikuoshwa. Chini yake akaweka jina lake.

Ijumaa Bonifasi aliendesha kama mwenye mgonjwa garini, lakini matope hayana haraka ya mtu. Walipofika, vijana wa kamati walikuwa wameshaingia na majembe. Mashamba yalikuwa yakianzia kwenye kibanda cha Révérienne, kwa hiyo la kwake lilikuwa limekwisha. Mashina yalilala yakiwa na maganda mabichi, mizizi juu. Walikuwa wanaanza la jirani.

"Acheni!" alipiga kelele Leonia. "Mdudu si wa hapa!"

Mwenyekiti wa kamati, Gervasi, mzee mwenye koti la mvua na adabu za kizamani, aliinua mkono na majembe yakasimama. Akina mama wakasogea, wengi, kimya. Leonia alieleza mbele yao wote: mchikichi wa nyuma ya nyumba yake, vumbi la njano, gazeti, sahani. Gervasi alikishika kile kioo, akakiangalia kwenye mwanga, hakuona kitu.

"Sasa mama, wewe msomi," alisema kwa upole, "sahani hukuiosha kwa nini? Labda siku hiyo huku maji hayakuwepo?"

Alikuwa anamsaidia, kila mtu aliona. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, na nani angeshangaa kambi kukosa maji? Leonia alimtafuta Révérienne machoni. Yule mama alisimama kwenye ukingo wa shamba lake, mikono nyuma. Angeweza kumsuta palepale. Hakumsuta.

"Maji yalikuwepo," alisema Leonia. "Nililetewa, na sabuni juu yake. Niliyaonea kinyaa."

Mguno ulipita kwa akina mama. Kuna aliyetafsiri kwa Kirundi kwa walioko nyuma, na mguno ukarudi mara ya pili, mzito zaidi. Gervasi alitema mate pembeni. Kisha akamrudishia kioo kwa ncha za vidole, akawaamuru vijana watoke mashambani, na kumtaka Leonia aandike barua na kutia sahihi hapo hapo, juu ya boneti ya gari. Aliandika. Alijua anaandika na mwisho wa jina lake la Kilatini, na hata hivyo mkono haukusita.

Watu walipotawanyika, Révérienne alikuwa ameshainama kwenye shamba lake, anayaokota mashina yaliyong'olewa, anachambua maganda yaliyoanza kujaa na kuyatia kwenye beseni la bluu. Yalikuwa mabichi mno. Labda yangetosha mboga ya siku moja.

Leonia alifungua leso yake puani. Alikunja mikono ya blauzi, akapiga magoti kwenye matope kando yake, na kunyoosha mkono kwenye shina la kwanza.

Révérienne aliusogeza ule mkono pembeni, taratibu, bila hasira.

"Acha, dada," alisema. "Utachafuka."